Msimpime Meya kwa Bei ya Mchele

(Niliyasema haya mbele ya wafanyabiashara wa sokoni, madereva wa bajaji na wanachuo hapa Mbeya. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nilichopunguza ni kikohozi tu.)

Mugonile! Wazee wangu, mama zangu wa sokoni, vijana wangu, ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa nizungumze nusu saa. Ukimpa kipaza sauti mtu aliyekuwa afisa biashara wa halmashauri hadi anastaafu, umejitakia mwenyewe, lakini nitajitahidi.

Nilipokuwa naingia nimemsikia mama mmoja pale mlangoni akimwambia mwenzake, "Meya gani huyu, mchele unapanda namna hii?" Nikacheka. Halafu nikaona mada yangu imeshafunguliwa na mtu mwingine, na vizuri kuliko ningeifungua mimi. Maana mchele huwa unashuka pia, na sijawahi kusikia mtu sokoni akisema, "Meya, Mungu akubariki, mchele umeshuka."

Mchele wenyewe unatoka Kyela na Usangu. Unategemea mvua, maji ya mifereji kule Mbarali, bei ya dizeli, na idadi ya wanunuzi waliokuja na malori kutoka Dar es Salaam na nje ya nchi. Meya hana jaruba.

Sasa niungame dhambi. Nilikuwa nafanya kazi katika halmashauri moja ya nyanda hizi za juu, sitaitaja, na kati ya kazi zangu ilikuwa kumwandikia mwenyekiti wetu hotuba za kufunga mwaka wa fedha. Mwaka mmoja mahindi yalinunuliwa vizuri sana. Malori yanaingia usiku na mchana, ushuru wa mazao ukavuka lengo. Nikaandika, "Kutokana na uongozi thabiti wa halmashauri yetu." Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akanipa mkono.

Ikaja Juni 2017. Serikali ikazuia mahindi kwenda nje ya nchi. Magunia yakabaki ndani kwa wakulima, bei ikaanguka. Na mwaka huohuo wa bajeti ushuru wa mazao nao ukapunguzwa kisheria kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima hiyo ilikuwa nafuu, kwa kapu letu ilikuwa pigo. Nikakaa chini na kalamu ileile, nikaandika, "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu." Makofi yakapigwa tena, kidogo kidogo.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akanisogelea. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, kama mwaka huu si wenu, ule wa jana ulikuwa wenu kwa nini?"

Sikumjibu. Nilijifanya naitwa. Leo nimekuja kumjibu, ingawa yeye ameshatangulia mbele ya haki.

Angalieni mji wetu ulivyokaa. Pale Uyole ukikunja, unashuka Tukuyu, Kyela, hadi Kasumulu, unaingia Malawi. Usipokunja, unapita Mbalizi, Vwawa, unafika Tunduma, unaingia Zambia. TAZARA nayo inapita hapa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Sisi ni mji wa njiani. Fedha nyingi mnazoziona mkononi mwa mwenye gesti, muuza matairi, fundi wa breki na mama lishe zimeshuka kutoka kwenye lori la mtu aendaye kwingine.

Kwa hiyo Mei 2020, Zambia walipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, malori yakapanga foleni Tunduma na hapa tukapiga miayo. Novemba 2023 Malawi wakashusha kwacha yao, dola moja ikatoka kama kwacha 1,180 ikawa 1,700 kwa mkupuo. Mfanyabiashara wa Karonga aliyezoea kuja kununua hapa akajikuta fedha yake imesinyaa akiwa amelala. Machi 2025 Malawi hao hao wakazuia bidhaa kadhaa kutoka nje, mchele, tangawizi na ndizi zikiwemo. Aprili na sisi tukajibu kwa kuzuia mazao yao, siku chache baadaye tukalegeza. Waliokuwa na shehena njiani wanajua hizo siku chache zilikuwa na urefu gani.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililopigiwa kura kwenye baraza la madiwani la Jiji la Mbeya.

Na mazuri ni vilevile. Dhahabu ikipanda bei huko duniani, Chunya wanacheka, na anayecheka Chunya anakuja kujenga hapa kwetu Isyesye. Fundi anapata kazi, muuza bati anapata kazi, bajaji inapata abiria. Meya akisimama kwenye sherehe akasema "mji unakua", hadanganyi, unakua kweli. Ila angesema pia nani kaukuza.

Wenzetu wa Marekani wana kisa chao. Julai 1916 papa wa baharini waliua watu wanne katika jimbo la New Jersey. Wapo wasomi waliochambua kura za mwaka ule wakasema Rais Woodrow Wilson alipoteza kura katika miji ya pwani kwa sababu ya papa wale. Wasomi wengine wamerudia hesabu na kusema hapana, hakuna kitu kama hicho. Mimi sijui nimwamini nani. Ninachojua ni kwamba sisi hapa hatuna papa, tuna mvua na mpaka, na tunapiga kura za papa kila baada ya miaka mitano.

Kuna jambo jingine, la ramani, nalo huwa linanikera. Mtu anachukua takwimu za Mbeya za zamani, anaweka pembeni za sasa, anasema tumerudi nyuma au tumekwenda mbele. Mbeya ipi? Mwanzoni mwa 2016 mkoa ulikatwa, Songwe ikawa mkoa wake, ikaondoka na Tunduma na kahawa ya Mbozi. Hata sasa, takwimu za pato hutolewa kwa mkoa, wakati Meya ana jiji tu. Mbalizi mnayoiona inachangamka ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, jiji halihusiki. Uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa 2012 uko hukohuko, na kiwanda cha saruji pia. Ukimsifu Meya wa Jiji kwa Mbalizi, unamsifu mtu kwa shamba la jirani.

Halafu tuangalie mikono yenyewe ya Meya ina urefu gani. Hatukumchagua sisi moja kwa moja. Sisi tunachagua madiwani, wao ndio wanamchagua mmoja wao. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye anayebeba dhamana ya fedha, anateuliwa na Rais. Barabara za mitaani tangu Julai 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ya njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Maji yana mamlaka yake. Kodi ya majengo iliwahi kuchukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 mnaikatwa mkinunua umeme wa LUKU. Hata ile mikopo mikubwa ya Benki ya Dunia inayojenga barabara na masoko, kama mradi wa TACTIC wenye miji 45, inajadiliwa Dodoma.

Naona kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Unasema? ... Anasema, "Basi mzee, Meya hana kosa lolote, tuondoke."

Hapana, usiondoke. Hapo hapo ndipo wanapojificha. Mwaka mzuri wanajitokeza, mwaka mbaya wanaingia nyuma ya TARURA. Mimi niliandika hotuba hizo, najua mlango wa kuingilia uko wapi. Ndiyo maana nataka tumpime kwa kitu ambacho hawezi kukikimbia, nacho ni soko.

Soko ni la halmashauri. Ushuru wa soko unapangwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo inaanzia kwenye baraza ambalo Meya ndiye mwenyekiti wake. Kamati ya fedha anaiongoza yeye. Kizimba, yaani sehemu ya kuuzia, kinagawiwa na ofisi iliyo chini ya baraza hilo, choo cha soko ni chao, taa ni zao, taka ni zao. Mpaka wa Nakonde ukifungwa, choo cha soko hakifungwi.

Na Mbeya tuna historia na masoko, wengine mnayo kwenye ngozi. Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Mnakumbuka miaka mingapi ilipita kabla jengo jipya halijasimama, na liliposimama mnakumbuka maneno yaliyozuka kuhusu kodi za vizimba. Agosti 2017 likaungua lile la SIDO. Moto si wa Meya. Lakini siku za kuanzia moto hadi mama Fulani anaweka tena ndoo yake ya dagaa mezani, hizo ni za Meya na baraza lake, na zinahesabika.

Sasa niwapeleke ndani ya kizimba, maana hapa ndipo nilipokulia.

Kizimba kimeandikwa jina la mtu kwenye daftari la halmashauri. Tuseme analipa elfu kumi na tano kwa mwezi, ni namba ya mfano tu, msinipeleke polisi. Kakae hapo siku nzima, mwenye jina humwoni. Unamkuta binti anauza nyanya na vitunguu, na yeye analipa laki moja kwa mtu anayekuja kila tarehe mbili amevaa kapero. Hiyo elfu themanini na tano ya katikati haiko kwenye vitabu vya halmashauri, na haiko kwenye mtaji wa binti. Nimeyaona haya kwa macho yangu nikiwa kazini, katika soko zaidi ya moja. Mengine ya majina yale yalikuwa ya watu tuliokwisha kuwazika.

Ndipo mnasikia neno kilemba, fedha ya pembeni unayolipa ili uachiwe mahali pa kufanyia biashara. Fremu ya mtaani ina mwenyewe, akitaka kilemba ni biashara yake na wewe. Lakini kilemba kikilipwa kwa kizimba cha umma, maana yake kodi rasmi iko chini kuliko thamani ya mahali, na tofauti inaliwa na mtu asiyekuwa halmashauri wala muuzaji. Kilemba kikipanda mwaka hadi mwaka huku makusanyo ya soko hilo yakibaki palepale, kuna mtu anakula hapo katikati, na Meya ana nyenzo zote za kumwondoa: uhakiki wa majina, tena mara kwa mara, na orodha ibandikwe ukutani sokoni kila mtu asome.

Na kinyume chake kipo. Ukikuta jengo zuri, ghorofani vizimba vitupu, nje watu wamepanga nyanya chini kwenye turubai na mgambo wanawakimbiza, hapo kodi imekuwa kubwa kuliko biashara, au ngazi zimekuwa ndefu kuliko miguu ya mteja. Mteja wa nyanya hapandi ghorofa. Sijui kwa nini jambo hili linahitaji semina.

Nimesema choo. Msicheke. Mama anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, na baridi yetu hii ya Juni na Julai, akilipia choo kila anapokwenda, piga hesabu kwa mwezi. Mimi nikifika soko la mji wowote, Njombe, Makambako, Songea, naanzia chooni. Huwa sihitaji kumuuliza mtu swali la pili.

Sasa mapato. Kila mwaka mtasikia mapato ya ndani yameongezeka, na huenda ni kweli. Muulizeni: yameongezeka kwa sababu gani? Mashine za POS zilipoingia, halmashauri nyingi zilikusanya zaidi kwa sababu risiti za kuandika kwa mkono zilikuwa zinavuja. Hiyo ni kazi nzuri, mwenye sifa apewe. Lakini usiiite kukua kwa uchumi, kwani umeziba tundu la ndoo, mvua haijaongezeka. Na wakati mwingine mapato yanaongezeka kwa sababu yule mmoja aliyekuwa analipa sasa analipa mara tatu.

Halafu gawanyeni kwa watu. Sensa ya 2012 ilitukuta jijini 385,279. Ya 2022 ikatukuta 541,603. Tumeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kumi. Bei za vitu nazo kwa kipindi hichohicho zilipanda nchini kwa zaidi ya nusu. Zidisheni hayo mawili. Meya anayesema mapato ya Jiji yameongezeka mara mbili ndani ya miaka ile kumi, ukimchukulia mtu mmoja mmoja na thamani ya shilingi, hajaongeza kitu. Amekimbia sana akabaki palepale. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya karatasi ya vocha, lakini sijawahi kuikuta kwenye hotuba, zangu zikiwemo.

Hati safi ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, nayo isiwatie usingizi. Ina maana vitabu vimeandikwa inavyotakiwa. Unaweza kuandika vizuri kabisa jinsi ulivyonunua kitu kisichohitajika.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, nitapita haraka kwa sababu wengi hapa mnaijua kuliko mimi. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za CAG kuonyesha matatizo ya marejesho, ikarudishwa 2024. Siku ya kukabidhi mnaona picha, ile hundi kubwa kama mlango. Mimi nataka picha ya mwaka wa pili. Kikundi kipo? Mashine ya kufyatulia tofali inafyatua? Wamerejesha kiasi gani? Meya akija na orodha ya waliopewa, mwombeni ya waliorejesha.

Mtaniuliza, tutajuaje kwamba ubaya ni wa hapa na si wa dunia nzima? Nenda Iringa. Sisemi kwa utani. Iringa wako kwenye barabara hiihii, dizeli yao inapanda siku moja na yetu, mvua zao zinafanana na zetu, sheria za ushuru ni zilezile. Kama fremu zinafungwa Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga kwa pamoja, mwacheni Meya apumue, hilo ni wingu la wote. Kama zinafungwa Mbeya peke yake, anzeni kumtazama. Na kama wote wanapanda lakini sisi tunapanda polepole, mtazameni pia, ingawa atakuwa anatabasamu. Iringa si pacha wetu, wao wana mbao za Mufindi na watalii wa Ruaha, sisi tuna mipaka miwili. Lakini ndugu wasiofanana kabisa bado unaweza kuwapima urefu kwenye ukuta mmoja.

Mpeni na muda. Meya akiingia leo, soko analolikuta lilipangwa na mwingine, deni alilolikuta lilikopwa na mwingine. Mwaka wa kwanza mpimeni kwa usafi, leseni na vizimba, vitu vya mkono mfupi. Mwaka wa nne ndipo muulize kuhusu majengo.

Mkutano wa baraza la madiwani uko wazi kwa wananchi, kila robo mwaka. Nimehudhuria mingi, na viti vya wananchi mara nyingi vilikuwa na watu watatu, wawili wamekuja kukwepa mvua. Mkienda, nendeni na namba, maana Meya anaweza kumjibu mtu mwenye hasira kwa ahadi, lakini mwenye daftari anahitaji jibu.

Ndiyo sababu nimebeba huu mfuko. Humu mna kaunta buku tatu, nimezinunua mwenyewe kwa pensheni yangu, na kila moja nimeichora mistari: tarehe, vizimba vilivyo wazi, vilivyofungwa, kodi ya halmashauri, kodi anayolipa anayeuza, kilemba kama kipo, bei ya choo, siku ambazo taka hazikuzolewa. Unajaza Jumamosi moja kwa mwezi, haimalizi saa mbili. Nina mwenzangu Iringa naye anaanza mwezi huu, kwa mistari hiyohiyo.

Moja ni ya Mwanjelwa, moja ya Soko Matola, moja ya Uyole. Ya Mwanjelwa nimeshamwona mtu wake, yule mama wa mchele wa pale mlangoni, nimemkamata kabla hajakaa. Ya Soko Matola nitaanza nayo mimi, ni karibu na kwangu. Ya Uyole nani anachukua? Wewe uliyetikisa kichwa pale nyuma, njoo.